Sura Kwenye Kiti cha Kitinda

Wapenzi wa picha ni watu wa ajabu, na yeyote aliyewazoea atakubali. Mwonyeshe mmoja wao picha ya bibi harusi anayelia kwa furaha, hatayaona machozi. Atasogeza pua kwenye kioo na kuuliza mbona nyuzi za shela zimeungana pale pembeni. Wanaweza kugombana wiki nzima juu ya unywele mmoja, na wakanuniana kwelikweli. Watu hao ndio waliokuwa wakimsoma Darubini.

Jina hilo la Darubini walimpa wao. Kazi yake ilikuwa kupima kamera mpya na kuandika kwenye tovuti yake jinsi zilivyo, nzuri kwa uzuri wake na mbovu kwa ubovu wake. Kampuni zilimletea, akakaa nazo siku chache, akazirudisha. Hakuna iliyowahi kumziba mdomo, na si kwamba hazikujaribu. Alikuwa mtu mkavu kidogo, shati limepigwa pasi hata siku asiyotoka, na "hapana" yake ilikuwa hapana. Waliompenda walimpenda kwa hilo, na waliomchukia walimchukia kwa hilohilo.

Siri ya kazi yake, lakini, haikuwa macho makali. Ilikuwa sebule ya mama yake. Kila kamera, kabla haijatoka nje kupiga picha za ndege na watoto wachezao mpira na taa za barabarani, ilianzia pale. Sakafuni aliweka alama tatu za rangi, ndogo kama kucha, za kusimamishia stendi ya miguu mitatu. Lenzi ilielekea pembe ya dirishani, ileile siku zote, asubuhi jua likipita kwenye nondo. Pembe hiyo ilikuwa na kila kitu cha kuiumbua kamera: pazia la maua madogo, kabati la vyombo vya kioo, ukuta uliobambuka rangi, na kiti kipana chenye mgongo mrefu uliovikwa kitambaa cha kufuma. Kwa kila kamera aliyowahi kuishika alikuwa na picha ya pembe hiyo. Akizipanga pamoja, kamera dhaifu ilijiaibisha yenyewe bila yeye kufungua mdomo.

Ili picha zifanane, hakuna kitu kilichoruhusiwa kuhama pale. Hilo halikuwa gumu, kwa kuwa hata kabla Darubini hajaweka sheria hiyo, mama yake alikuwa ameshaiweka. Kiti kile kilikuwa cha Kitinda, na hakuna mwingine aliyekikalia.

Kitinda alikuwa mdogo wake, kitindamimba wa nyumba, na jina likamganda. Kijana mcheshi, mvivu wa asubuhi, mwepesi wa kusamehewa. Akikaa kwenye kiti chake alikaa kama mzigo uliotupwa, kichwa nyuma, miguu imenyooshwa mpaka katikati ya sebule, na kila apitaye sharti airuke. Siku moja aliaga kwenda kutafuta kazi nchi ya mbali. Akapiga simu, akapiga tena, kisha namba yake ikawa haipatikani, na ikaendelea kutopatikana mwaka hadi mwaka. Waliuliza waliosafiri naye, wakauliza kila ofisi yenye dirisha la kuulizia. Hakuna aliyesema amekufa, na hakuna aliyesema yu hai.

Basi mama akangoja. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo, ila katika nyumba ile asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na lake. Chakula kilipikwa cha watatu. Kitambaa cha kiti hakikufuliwa, kwa kuwa kilibaki na alama ya mafuta ya kichwa chake. Katikati ya mazungumzo mama alinyanyua mkono, kimya, akazisikiliza hatua za mpita njia mpaka zikaupita mlango. Kisha akamgeukia Darubini. "Ulikuwa unasemaje, mwanangu?" Na Darubini akajibu kwamba hakuwa akisema kitu.

Yeye alikuwa amebaki. Ni yeye aliyetengeneza bomba likivuja, aliyempeleka mama hospitali, aliyemsomea maandishi ya vichupa vya dawa. Hakukuwa na siku hata moja ambayo mama alinyanyua mkono kuzisikiliza hatua zake yeye. Jambo hilo lilimuuma sana. Lakini mtu mzima mwenye mvi za kwanza haendi kwa mama yake kulalamika kwamba hapendwi kama mdogo wake, kwa hiyo alilimeza, na siku iliyofuata akalimeza tena.

Kamera ya kisa hiki ililetwa na dada wa kampuni, mwanamke mchangamfu aliyeubeba mfuko wake kama amebeba kichanga. Ilikuwa bado haijafika madukani.

"Hii piga ukuta tu, utahesabu mchwa waliomo ndani," alisema. "Megapikseli zake ni nyingi mpaka aibu. Lakini si hilo watakalolizungumza wale simba wako, wasomaji. Ina jambo jipya. Inatafuta sura za watu yenyewe. Kuwe na giza, mtu awe mbali, awe ameinama, ikimwona inamwekea kisanduku cha kijani usoni na haimwachii."

"Na isipomwona?"

"Itamwona. Ila programu yake ya ndani bado inapikwa. Ukikuta kasoro tuambie, tutairekebisha."

"Nitawaambia na wasomaji."

"Najua. Ila sisi kwanza, kaka yangu."

Asubuhi iliyofuata Darubini alisimamisha stendi juu ya alama zake, akaifunga kamera, akaiwasha. Pembe ya dirishani ikajaa kwenye kioo cha nyuma, safi ajabu, mpaka akatabasamu peke yake. Kisha kisanduku cha kijani kikatokea. Kilikuwa kidogo na kimetulia, juu ya mgongo wa kiti, pale pale ambapo kichwa cha mtu aliyekaa kingekuwa.

Alitazama kiti. Hakukuwa na mtu. Akatazama kioo. Kisanduku kilikuwepo, na ndani yake kamera ilikuwa imeweka vialama viwili vidogo, kwa maana kwamba imeshayapata na macho.

"Kitinda?" alisema.

Likamtoka kabla hajalizuia. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayemwamsha mwenzake. Hakuwa mtu wa mizimu. Alikuwa mtu wa kupima, basi akapima. Alifunga pazia, kisanduku kikatoweka. Akafungua, kikarudi. Akageuza kitambaa cha kufuma, kikatoweka. Akakirudisha kama kilivyokuwa, na sura ikarudi kitini. Mwisho alipiga picha na kuikuza mpaka nyuzi zikawa nene kama kamba, na hapo akaona yote. Ile alama ya mafuta ilikuwa ya mviringo, nyeusi kidogo kuliko kitambaa, ukubwa wa kichwa cha mtu, na juu yake vivuli vya nondo vilipishana mahali pawili, mahali pa macho. Hata kichanga kingedanganyika.

Akamwandikia dada wa kampuni, akamtumia na picha. Kosa la programu, aliandika, kamera inaona mtu pasipo na mtu. Kisha alikaa sakafuni kidogo, na kilichomkalisha hakikuwa hofu. Kwa muda mfupi sana, kati ya kuita na kufunga pazia, alikuwa amefurahi.

Mama aliingia na sinia la chai akamkuta amesimama tena nyuma ya kamera. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekuwa akizidi kuwa mwembamba, na alipenda kuchungulia kazi ya mwanawe ingawa hakuielewa.

"Hicho kijisanduku cha kijani ni cha nini?"

Hapa ndipo Darubini alipokosea. Swali la namna hiyo alikuwa amelijibu mara nyingi mno kwa wasomaji wake, mdomo ukamtangulia.

"Kamera inatafuta watu, mama. Ikimwona mtu, inamwekea kisanduku usoni."

Vikombe viligongana kwenye sinia. Mama alitazama kioo, akatazama kiti, akarudi kwenye kioo.

"Ikimwona mtu," alisema.

"Mashine tu hiyo. Mashine hukosea."

"Mbona haijakosea kwenye kabati? Mbona haijakosea kwenye pazia?"

Jibu alikuwa nalo. Ilitosha apige hatua chache, ageuze kitambaa, na mambo yaishe. Lakini mama alikuwa ameshaliweka sinia chini, taratibu, akaketi kwenye mkeka kandoni mwa miguu ya stendi, na alikuwa analia. Miaka yote ile hakuwahi kulia. Kulia kungekuwa kukubali kwamba amekufa, na yeye alikuwa amekataa katakata. Sasa alilia bila kelele, mabega yakitikisika, mkono umenyooka kuelekea kiti kitupu.

"Kumbe umerudi," alikiambia kiti. "Kumbe umerudi hivi, baba."

Darubini alibaki na kifuniko cha lenzi mkononi. Akajiambia atamweleza baadaye, akishatulia. Ni neno zuri sana hilo la baadaye, linabeba chochote unacholitwika.

Mama alitulia, naye hakumweleza. Usiku ule alilala, usingizi mzito wa kukoroma, jambo ambalo nyumba ilikuwa imelisahau. Asubuhi alitoa mashati ya Kitinda kabatini na kuyagawa kwa majirani wenye vijana. Alipika chakula cha wawili. Mchana, Darubini alipokuwa akimweleza habari isiyo na maana ya fundi aliyeunganisha waya vibaya, hatua za mtu zilipita nje, na mama hakunyanyua mkono. Alimtazama Darubini mpaka mwisho wa habari, akacheka palipostahili kicheko. "Umekonda, mwanangu," alisema. "Lini umekonda hivi?" Darubini alikwenda nyuma ya nyumba akajifanya anatafuta ndoo.

Kila asubuhi jua likifika kwenye nondo, mama aliomba kamera iwashwe. Akakaa mkekani, akakisimulia kile kisanduku habari za mtaa: nani kaoa, nani kahama, jirani gani bado ana yule jogoo mwenye wazimu. "Na kaka yako huyu," alisema siku moja, "anapiga pasi mpaka soksi." Jua lilikuwa linasogea, vivuli vikasogea nalo, na kisanduku kikashuka kidogo upande mmoja, kama mtu anayelaza kichwa ili acheke. Darubini akacheka pia. Aliijua sababu yake, nondo na mafuta na pembe ya jua, na bado alicheka, kwa kuwa ndivyo Kitinda alivyokuwa akicheka. Jua lilipopanda kisanduku kilififia. Mama akasema amekwenda kupumzika, akakunja mkeka.

Kilichomtisha Darubini ni kwamba alianza kukingoja na yeye. Aliamka mapema kuliko ilivyohitajika. Kabla mama hajaingia alikuwa ameshaiwasha kamera, na sura ikitokea alisema "umeamkaje" kwa sauti ya chini, huku akijifanya anasafisha lenzi. Siku moja alinyanyua mguu kuruka kitu alipokuwa akikatiza sebule. Hakukuwa na kitu cha kuruka.

Mama aliwaita ndugu. Ikapangwa kwamba Jumamosi watu wakusanyike wamlilie Kitinda kama binadamu wengine wanavyoliliwa, wamwombee, iishe. Kaka yake mama, mjomba wao, ndiye aliyechukua shughuli mkononi. Alikuwa mzee wa maneno machache, mstaafu wa reli, mwenye tabia ya kukuangalia kifua wakati unaongea kana kwamba ukweli unapitia hapo. Alikuja siku moja kabla, akasimama nyuma ya kamera, akakiona kisanduku kwa macho yake. Kisha akamvuta Darubini uani.

"Mpwa, mimi sijui mashine. Wewe ndiye unayezijua. Dada yangu anataka nikawaambie watu mwanawe amekufa. Nikawaambie?"

"Mashine inaonyesha hivyo, mjomba."

"Sikuulizi mashine. Nakuuliza wewe."

Darubini alitazama viti vya kuazima vilivyokwisha kupangwa ukutani. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye aliuona mwisho wa yake ulivyo karibu, lakini alikuwa amelala wiki nzima katika nyumba yenye mama anayemtazama.

"Waambie," alisema.

Mjomba alimwangalia kifua, akatikisa kichwa kukubali, akaenda.

Jioni dada wa kampuni alipiga simu, sauti imejaa furaha. "Kaka, ile picha yako ya kiti imewapa wahandisi kazi. Wametengeneza programu mpya. Sasa kamera haiweki kisanduku mpaka iwe na uhakika kabisa kwamba ni mtu. Nimekutumia. Iweke, upime, ndipo uandike. Wenzako wote watapima kwa hiyo mpya."

"Lazima iwe kesho?"

"Hata keshokutwa. Kwani vipi?"

"Hamna," alisema Darubini.

Angeweza kungoja. Watu wangekuja, wangelia, wangeondoka, naye angeweka programu mpya Jumapili na kumwambia mama kwamba Kitinda ameshapumzika moja kwa moja. Mama angeamini. Uongo ulikuwa umeshajipanga wenyewe, umekaa vizuri kuliko kweli nyingi. Lakini Jumamosi asubuhi, kabla mtu hajafika, alikuwa amepiga magoti mbele ya kamera akiiweka ile programu. Alitaka kujua. Kama ni kosa, litaondoka. Kama kisanduku kitabaki, baada ya wahandisi wote wale kukifukuza, basi mdogo wake alikuwa amekaa pale kweli, na Darubini hakuwa amemwongopea mtu. Ndiyo, mtu yule mkavu alifika hapo, akamwomba mdogo wake abaki kitini.

Kamera ilizima, ikawaka. Jua lilikuwa limefika kwenye nondo. Alama ya mafuta ilikuwepo, vivuli vilikuwa mahali pake. Kisanduku hakikutokea. Alizima, akawasha. Alisogeza pazia kidogo, akalirudisha. Kwenye kioo kulikuwa na kiti kitupu chenye kitambaa kichafu, kimeonekana vizuri kuliko kilivyowahi kuonekana katika picha yoyote. Alikitazama mpaka macho yakamwuma. Kitinda alikuwa ameondoka mara ya pili, na safari hii aliyemtoa ni yeye.

"Yupo?"

Mama alikuwa mlangoni. Alishavaa nguo yake nyeusi, kichwa amekifunga, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi ndefu. Kabla Darubini hajajibu, alipita mbele ya lenzi, akaenda mpaka dirishani.

"Usiniambie bado. Leo ndiyo siku yake ya mwisho, acha nikae naye."

Akakalia kiti cha Kitinda. Hakuna aliyekikalia miaka yote hiyo. Aliegemea polepole, kichwa chake kikatua juu ya alama ya kichwa cha mwanawe, mikono akailaza pande zote mbili. Dirisha lilikuwa kando yake na vivuli vya nondo vikamkata uso. Akaitazama lenzi.

"Haya. Angalia sasa. Tuko wawili?"

Darubini aliangalia. Mama alikuwemo kwenye kioo mzima mzima, na megapikseli zote zile zilikuwa kazini: kila kunyanzi, kila uzi wa kitambaa cha kichwa, unyevu kwenye pembe ya jicho. Lakini hakukuwa na kisanduku. Kamera ilimpita. Ilitafuta kulia, ikatafuta kushoto, ikaenda kukaza macho kwenye maua ya pazia, na uso wa mama ukaanza kufifia. Darubini akasubiri. Mama hakutikisika, alikuwa anahema, kope zilikuwa zinapiga, alikuwa hai kama mtu anavyoweza kuwa hai, na mashine ilikuwa haina uhakika naye.

Baridi iliyompata pale hakuwa nayo hata siku ile ya kwanza. Aliwaambia wahandisi wamwondoe asiyekuwepo, na pamoja naye wamemwondoa aliyekuwepo.

"Mbona kimya? Wawili?"

Neno "ndiyo" lilikuwa ulimini. Lilikuwa fupi, na hakuna ambaye angemkamata nalo. Lakini mama alikuwa amenyamaza kumngoja yeye, kwa mara ya kwanza alikuwa anamngoja yeye, na Darubini akagundua kwamba hawezi kumwangalia mtu amekaa mbele yake anapotea kwenye kioo na kumwambia ameonekana.

"Hakuna kisanduku, mama. Si chake, si chako."

"Changu pia hakuna?"

"Hakuna."

"Na mimi nimekaa hapa."

"Umekaa hapo."

Akatoka nyuma ya kamera, akapiga magoti mbele ya kiti, akamweleza. Alimweleza mafuta ya kichwa, na vivuli vya nondo, na programu iliyokosea ikarekebishwa ikakosea kinyume chake. Alieleza vizuri, kwa lugha nyepesi, kama alivyozoea kuwaeleza watu. Mama alipitisha mkono nyuma ya kichwa chake, akakigusa kitambaa.

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza. Kabla hujaleta chai."

"Ukaniacha nimlilie."

"Nilikuwa..." Darubini alitafuta neno, akaona yote ni ya uongo isipokuwa moja. "Ulikuwa unaniangalia, mama. Nilitaka uendelee kuniangalia."

Mama hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamtazama kwa huruma kubwa, kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani aliyeanguka. Lakini mawazo yake yalikuwa tayari yanakwenda kwingine, na Darubini aliyaona yakienda. Uso ule uliotulia ulianza kuamka. Macho yakawa na kitu kilichokuwa kimezimika wiki nzima, na aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya msichana.

"Basi hiyo mashine haijui kitu. Mimi nipo, na haijaniona."

"Mama."

"Kama mimi nipo na haijaniona, na yeye yupo. Yupo mahali hakuna anayemwona, basi. Watu wanampita tu." Alianza kukifungua kitambaa cheusi kichwani, vidole vikiharakisha. "Na mimi nimegawa mashati yake. Ee Mungu wangu, nimeyagawa. Mpigie mjomba wako. Mwambie wasije."

"Mama, wameshaanza safari."

"Mpigie, mwanangu."

Akapiga. Mjomba alipokea haraka, nyuma yake kukasikika sauti za watu na mlango wa gari ukifungwa.

"Mjomba, mama anasema msije."

"Tusije kwa nini? Watu wote hawa niwaambie nini?"

Darubini alimtazama mama yake. Alikuwa bado kwenye kiti, kitambaa cheusi kimelala mapajani, kichwa kimegeukia dirisha. Hakuwa akimtazama tena. Na hapo, simu sikioni, Darubini alikiona kitu alichokuwa akikiita wiki nzima kwa majina mengine. Alikuwa amemtaka mdogo wake afe, na alikuwa amefurahi alipohesabiwa amekufa.

"Waambie hajafa," alisema.

Kisha sauti ya mjomba ikarudi, na safari hii ilikuwa sauti ya mzee anayeogopa kutumaini.

"Amerudi?"

"Hajarudi, mjomba," alisema Darubini.